Jinsi ya kufundisha historia ya mauaji ya kimbari mtandaoni: mwongozo wa mwalimu kutoka Kisumu

Mwezi wa Mei 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alinitumia ujumbe usiku: "Mwalimu, huyu mzee aliyekamatwa Ufaransa, ni kweli alikuwa amejificha hapa kwetu?" Alimaanisha Félicien Kabuga, tajiri wa Rwanda aliyeshtakiwa kufadhili mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994, aliyekamatwa karibu na jiji la Paris tarehe 16 Mei baada ya kusakwa kwa zaidi ya miaka 20, huku miaka mingi ikisemekana yuko Kenya. Swali lilinifurahisha. Kesho yake nikaamua darasa zima lijifunze habari za Rwanda kwa WhatsApp. Nikawaambia watafute wenyewe habari za mwaka 1994, kisha walete maswali.

Msichana mmoja anayekaa karibu na soko la Kibuye, hapa mjini, aliliona jina la mtaa wake kwenye ramani ya Rwanda. Akaliandika kwenye simu ya mama yake, atafute. Kuna Kibuye nyingine kando ya Ziwa Kivu, siku hizi iko katika Wilaya ya Karongi, na huko Aprili 1994 watu kwa maelfu waliuawa kanisani na katika uwanja wa michezo wa Gatwaro. Simu ikamletea picha. Alikuwa peke yake chumbani, mdogo wake amelala pembeni, mama yuko sokoni. Hakuniambia neno. Nilijua wiki mbili baadaye, mama yake aliponipigia kuuliza nimempa mtoto kitu gani hata akawa hataki kutumwa Kibuye kununua mboga.

Darasani ningemwona. Ningeuona uso ukibadilika, ningefunga kitabu, ningemtuma mwenzake atoke naye nje wakapunge hewa. Kwenye simu mwalimu haoni chochote. Ndiyo maana mpango wote ninaoueleza hapa umejengwa juu ya jambo moja: mtoto asiyakute haya mambo akiwa peke yake. Ni mpango wa vijana wa kidato cha tatu na cha nne, au wa Gredi ya 10 kwenda juu. Walio chini ya hapo sijawafundisha kwa njia hii, wala sikushauri ujaribu.

Kwanza, mpigie mzazi

Usitume ujumbe. Piga simu. Ujumbe utasomwa haraka kati ya mteja na mteja, au hautasomwa, na siku mtoto atakapoonekana mnyonge mzazi hatakumbuka kwamba alikubali.

Mwambie mambo manne kwa lugha ya nyumbani: tutajifunza nini, kwa siku ngapi, mtoto ataihitaji simu saa ngapi, na kwamba hakutakuwa na picha za maiti. Halafu nyamaza umsikilize. Mama mmoja wa Manyatta aliniuliza, "Mwalimu, si haya yataamsha yale ya elfu mbili na saba?" Alimaanisha ghasia za baada ya uchaguzi hapa Kenya. Nikamwambia hayo hayajalala, mama, watoto wanayasikia nusunusu jikoni na kwenye matatu, na mimi nataka wayasikie yote, polepole, kukiwa na mtu mzima karibu. Akakubali, ila akaomba kikao kiwe asubuhi, saa ambayo shangazi yake mtoto yuko nyumbani. Tangu hapo vikao vyangu vyote huanza saa nne asubuhi. Somo hili usilifundishe usiku. Mtoto atalala nalo.

Mzazi akikataa, mpe mtoto kazi nyingine ya historia yenye uzito uleule, wala usimtaje kwa wenzake.

Chagua wakati na upunguze mzigo

Wakati wa muhula wengi wako bweni na simu haziruhusiwi, kwa hiyo likizo ya Aprili ndiyo nafasi yetu. Inafaa pia kwa sababu nyingine: tarehe 7 Aprili Rwanda huanza maombolezo ya kila mwaka, na habari zake huwa redioni. Wiki tatu zinatosha vikao sita vya dakika 40. Usijaribu kumaliza dunia. Mwaka wa pili nilipanga Waherero, Waarmenia, Wayahudi, Kambodia na Rwanda kwa wiki tatu, na wanafunzi wakabaki na idadi za vifo tu, moja juu ya nyingine, hata wakaanza kuulizana ni wapi walikufa wengi zaidi. Hilo swali likiingia darasani, ujue umekosea mpangilio. Mateso hayapimwi kwa ratili.

Mimi huchukua Rwanda iwe kiini. Wayahudi milioni 6 waliouawa na Ujerumani ya Wanazi na washirika wake huguswa ndani ya kikao kimojawapo, maana silabasi yetu tayari inagusa Vita vya Pili vya Dunia. Waherero na Wanama wa Namibia, walioangamizwa na Wajerumani kati ya 1904 na 1908, nawapa sehemu ya kikao, ili mwanafunzi asidhani unyama huu ulianzia Ulaya mwaka 1939 au kwamba ni tabia ya Waafrika. Amri ya Jenerali Lothar von Trotha wa Ujerumani ya kuwaua Waherero, ya tarehe 2 Oktoba 1904, iliandikwa waziwazi, ikasainiwa. Wasomeshe hilo: ofisa, kalamu, karatasi.

Anza na neno lenyewe

Magazeti yetu hutumia "mauaji ya kimbari" na "mauaji ya halaiki" kana kwamba ni kitu kimoja. Waulize wanafunzi wayachambue, nao ni wepisi wa kazi hiyo. Halaiki ni watu wengi waliokusanyika, kwa hiyo mauaji ya halaiki yanaeleza wingi wa waliouawa. Kimbari limetokana na mbari, yaani ukoo, watu wa asili moja. Hapo neno linaeleza sababu ya kuuawa: umeuawa kwa kuwa ulizaliwa miongoni mwa hao. Watu kumi wanaweza kuuawa kwa nia ya kimbari, na maelfu wanaweza kuuawa vitani pasipo nia hiyo.

Ndipo uwape sheria. Mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland, alilibuni neno ambalo sisi tunalitafsiri hivyo mwaka 1944. Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wake. Unataja nia ya kuangamiza, lote au sehemu yake, kundi la taifa, kabila, rangi au dini, kwa matendo matano: kuua watu wake, kuwadhuru vibaya mwilini au akilini, kuwaweka kwa makusudi katika hali itakayowamaliza, kuwazuia wasizae, na kuwachukua watoto wao kwa nguvu kuwapa kundi lingine. Tuma haya kwa maandishi mafupi, halafu kwa sauti yako. Wanafunzi wengi hushangaa kwamba kati ya matendo matano, moja tu ndilo kuua. Waache washangae. Huo mshangao utawafikisha mbali kuliko ufafanuzi wako.

Andaa kila kitu mwenyewe

Hapa ndipo nilipoteleza mwaka wa kwanza. Neno "tafuteni mtandaoni" sasa silitumii kabisa katika somo hili. Nafanya hivi:

Maandishi nayakusanya katika faili moja jepesi la PDF, la kurasa nne au tano kwa kila kikao, ili anayenunua bando la siku moja alipakue mara moja asome hata stima ikipotea. Aprili ni mwezi wa mvua, na stima hupotea kweli. Maelezo yangu narekodi kwa sauti, dakika tano tano, si zaidi. Video natumia moja tu katika wiki zote tatu, na nimeitazama mwenyewe mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Wasio na simu nyumbani nawachapishia faili hilohilo, na nawaunganisha na mwenzao wa jirani siku ya kikao cha moja kwa moja.

Kundi la WhatsApp lifunge, wasimamizi pekee waweze kuandika, ulifungue saa ya mjadala na ulifunge mjadala ukiisha. Waonyeshe wanafunzi jinsi ya kuzima upakuaji wa picha wa moja kwa moja. Simu ni ya mama, na mtoto wa chekechea huishika jioni kutazama katuni. Kitu chochote utakachotuma kitabaki humo. Ukitumia programu ya mikutano, usirekodi nyuso wala sauti za wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto, lakini hata isingetaka, mtoto aliyelia akiwa darasani hapaswi kukuta kilio chake kimehifadhiwa mahali.

Halafu wapange wawiliwawili. Kila mwanafunzi ana mwenzake anayekaa karibu naye: Nyalenda na Nyalenda, Ahero na Ahero. Wasome pamoja ikiwezekana, au wapigiane simu baada ya kusoma. Jambo hili moja lilibadilisha darasa langu kuliko yote niliyojaribu.

Vikao vyenyewe

Kikao cha kwanza hakina kifo. Ni watu tu. Katika Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, kule Gisozi, kuna chumba cha watoto. Kuna picha za watoto wakiwa hai, wamevaa nguo za sikukuu, na chini ya picha mambo madogo: chakula alichokipenda, mchezo wake, rafiki yake. Sitoi majina yao kwenye simu. Nawaelezea chumba hicho kwa sauti, kisha nawauliza: ungeandikwa wewe, pangeandikwa nini? Mmoja alijibu, "Anapenda mgongo wa samaki, hapendi kuoga asubuhi." Kundi zima likamjibu na ya kwao. Wakishaandika hivyo, hawawezi tena kuisoma idadi kama idadi.

Kikao cha pili ni kitambulisho. Wabelgiji waliokuwa wakiitawala Rwanda walianza kutoa vitambulisho vyenye kabila katika miaka ya 1930: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Watu hao walizungumza Kinyarwanda kimoja, waliishi kijiji kimoja, walioana. Karatasi hiyo ikadumu hadi 1994, na kwenye vizuizi vya barabarani ikawa ndiyo inayoamua nani apite na nani afe. Swali la mjadala: Kitambulisho chetu hakiandiki kabila. Je, mtu anakutambuaje kabla hujafungua mdomo? Watataja jina la ukoo kabla hujamaliza kuuliza.

Cha tatu ni redio. Hapa tulia, usikimbie. Kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo Julai 1993, na vijana walikipenda kwa muziki na mzaha wake. Kikawaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Mauaji yalipoanza, kikawa kinataja watu kwa majina na mahali walipo. Sichezi sauti ya matangazo hayo; natuma mistari michache iliyotafsiriwa, nao waisome kwenye faili. Halafu nawauliza: mende hufanywa nini akionekana jikoni? Kimya huwa kirefu.

Kisha nawataka waniletee, kwa ujumbe wa faragha na si kundini, maneno waliyowahi kuyasikia hapa Kenya wakati wa kampeni yanayomfanya mtu awe kitu. "Madoadoa" huja kila mwaka. "Magugu" nayo. Doa hufutwa, gugu hung'olewa. Neno limekwisha kutaja kitendo kabla mtu hajainuka kutenda. Wanapoona hivyo wenyewe, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 wanaielewa kwa nini ilitungwa, na huna haja ya kuwahubiria.

Cha nne ni zile siku 100. Hiki lazima kiwe cha moja kwa moja, ukiwa hewani nao, kamwe kisiwe faili la kusoma peke yao. Sema kwa ufupi na kwa usahihi. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Siku iliyofuata mauaji yakaanza kwa orodha zilizokuwa tayari, yakaendelea hadi katikati ya Julai. Umoja wa Mataifa hutaja waliouawa zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda husema zaidi ya milioni 1. Wengi mno walikuwa Watutsi. Waliuawa pia Wahutu waliokataa, akiwemo Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, tarehe 7 Aprili. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiendelea, Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi chake cha kulinda amani kibaki na watu wapatao 270. Waambie na hilo. Wanafunzi hukasirika, na hasira hiyo ni ya haki.

Usieleze namna watu walivyouawa. Hakuna kijana aliyewahi kuelewa zaidi kwa kuambiwa habari za panga.

Mwishoni mwa kikao hiki waletee ziwa. Mto Kagera ulibeba miili ukaimwaga katika Ziwa Victoria, ziwa hili hili letu. Upande wa Uganda wakazi waliiopoa kwa maelfu na kuizika, na makaburi ya kumbukumbu yapo Kasensero, Lambu na Ggolo. Mama yangu mdogo aliuza samaki miaka hiyo, naye husimulia jinsi wateja walivyokuwa wakiinamia sinia, wanauliza, kisha wanaondoka bila kununua. Kwa mtoto wa Dunga, Rwanda huacha kuwa mbali hapo hapo.

Cha tano ni waliokataa. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha, alivuka vizuizi mara kwa mara akiwaficha watu ndani ya gari lake, hadi kombora lilipomuua tarehe 31 Mei 1994. Lakini wanaogusa zaidi vijana ni wanafunzi wa Nyange, katika mkoa uleule wa Kibuye wa wakati huo. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, miaka mitatu baada ya mauaji makuu, wanafunzi wa madarasa ya juu walikuwa prepu. Watu wenye silaha wakaingia, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa kujitenga. Wakashambuliwa kwa risasi na mabomu ya mkono, baadhi yao wakafa. Leo wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa la Rwanda. Wanafunzi wangu wanaijua prepu: taa zinazofifia, daftari, usingizi, mwenzako anayekuomba kalamu. Sihitaji kuongeza kitu. Ila huwa siwaulizi "wewe ungefanya nini?" Hakuna anayeweza kujibu kwa ukweli, na swali hilo huwafanya wajione wadogo. Nauliza: ni nini kilichowawezesha hawa kufahamiana kiasi hicho, miaka mitatu tu baada ya yale?

Cha sita ni haki. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda ilikaa Arusha, mwendo wa basi kutoka hapa. Iliwashtaki watu 93, ikawahukumu 62, ikafunga kazi mwishoni mwa 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya, na ikawa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya kosa la kimbari. Hukumu hiyohiyo ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji, alikamatwa Nairobi Julai 1997, akakiri. Na wale wa RTLM na wa Kangura, gazeti lililochochea chuki, walihukumiwa Desemba 2003. Kijijini kukawa na gacaca, zaidi ya mahakama 12,000 za wananchi wenyewe, zilizofungwa 2012.

Hapa rudi kwa yule mzee wa swali la kwanza. Kabuga alifikishwa mahakamani, lakini mwaka 2023 majaji waliamua afya yake haimruhusu kuendelea na kesi. Hakuwahi kuhukumiwa. Wafundishe kuandika "alishtakiwa" pale inapostahili "alishtakiwa". Ni somo la historia na ni somo la Kiswahili.

Michezo ya kuigiza, hapana

Kuna mwalimu mwenzangu, wa shule ambayo sitaitaja, aliyewapa wanafunzi kazi ya kuandika shajara ya mtu aliyejificha darini, na wengine shajara ya mtu aliyesimamia kizuizi cha barabarani. Alikuwa na nia njema. Matokeo yake nusu ya darasa waliandika hadithi ya kusisimua, na wengine wakabeba hofu isiyo yao. Hatuwezi kujua mtu wa darini alihisi nini, na kujifanya tunajua ni kumnyang'anya mara ya pili. Tumia maneno ya walionusurika wenyewe. Hazina ya ushuhuda ya USC Shoah Foundation na Hifadhi ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda zote ziko mtandaoni. Chagua dakika nne za mtu mmoja, sikiliza kwanza mwenyewe, andika tafsiri ya Kiswahili, ndipo uwape.

Itakapotajwa 2007

Itatajwa, na mara nyingi ni siku ya kitambulisho. Jiandae.

Wanafunzi wa sasa wengi hawakuwapo, au walibebwa mgongoni. Lakini wapo ambao wazazi wao waliletwa na malori kutoka Naivasha na Nakuru wakiwa na blanketi moja. Wapo ambao kaka au mjomba alipigwa risasi hapa Kisumu. Wapo, hata katika darasa la hapa, ambao familia zao zilichomewa duka mjini na zikakimbia, kisha zikarudi. Wote wamo kwenye kundi lile lile la WhatsApp na huwajui wote.

Sema ukweli ulio kwenye rekodi: zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na mamia ya maelfu walihama makwao. Tume ya Waki ilichunguza ikatoa ripoti Oktoba 2008. Mashtaka yaliyopelekwa The Hague yalikuwa ya uhalifu dhidi ya ubinadamu, wala si ya kimbari, na hayakuishia katika hukumu ya hatia kwa mshtakiwa yeyote. Rudi kwenye mkataba wa 1948 mliousoma mwanzoni, mpitie maneno yake pamoja. Mwanafunzi aliyempoteza mjomba anaweza kuona unapunguza uchungu wake. Mwambie wazi kwamba sheria inapanga makosa kwa nia ya mtendaji, na kwamba uchungu wa nyumbani kwake hauhitaji jina kubwa ili uwe wa kweli.

Weka kanuni moja ya lugha, na uisimamie kuanzia siku ya kwanza: hakuna sentensi inayoanza kwa jina la kabila na kuendelea na kitenzi cha uovu. Si "Wahutu waliua". Ni "wanamgambo wa Interahamwe waliua", "askari wa kikosi cha rais waliua", "jirani aliyechukua ng'ombe wa mwenzake aliua". Kanuni hiyohiyo itumike kwetu. Mwanzoni huonekana kama kujisumbua, lakini kufikia kikao cha nne wanasahihishana wenyewe.

Na hadithi za nyumbani zisimuliwe kwako faragha, kwa hiari. Usimuombe mtoto aisimulie familia yake kundini, hata akiwa msemaji hodari.

Kumtunza usiyemwona

Kila kikao kikiisha, kila mwanafunzi ananitumia alama moja faragha: kijani, niko sawa; njano, nina uzito lakini naendelea; nyekundu, nipigie. Asiyetuma kitu kufikia saa sita mchana, nampigia. Kimya nakihesabu kuwa nyekundu. Yule msichana wa Kibuye alikuwa kimya.

Ukipiga, usianze na somo. Uliza amekula nini, yuko na nani. Akitaka kuacha kozi, aache, na mshukuru kwa kusema. Jambo likikuzidi, mwalimu wa ushauri nasaha ajue siku hiyohiyo, na mzazi pia. Namba 116 ya Childline Kenya hailipishwi na hupokea simu za watoto. Iandike juu kabisa ya kila faili. Na wewe mwenyewe tafuta mtu wa kuongea naye. Nilisikiliza shuhuda usiku kucha mwaka ule wa kwanza, na mke wangu ndiye aliyeniambia nimeacha kula.

Wakanushaji na picha za uongo

Fanya hili kikao cha sita kikiisha, si kabla. Wakishajua yaliyotokea ndipo wataweza kuutambua uongo. Waeleze kwamba wapo wanaokana mauaji haya, wengine kwa kukata idadi, wengine kwa kusema pande zote ziliuana sawasawa. Usitume viungo vya maandishi yao. Nakili mistari miwili, ondoa jina, muijadili. Maswali matatu yanatosha: nani anasema, anajuaje, na anaacha nini bila kukitaja?

Ongeza picha. Mwaka 2025 Makumbusho ya Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi, ililalamika hadharani kuhusu kurasa zinazotengeneza kwa akili mnemba picha za wafungwa ambao hawakuwahi kuwapo. Vijana wetu hushiriki picha kama hizo kwa huruma. Huruma yao ni ya kweli, picha ni ya uongo, na anayekana mauaji hupata kisingizio: kama hii ni bandia, zote ni bandia.

Kazi ya mwisho

Sisahihishi hisia. Natoa alama kwa tarehe, kwa matumizi sahihi ya maneno, kwa kutofautisha ushahidi na uvumi. Kazi yenyewe ni moja kati ya mbili: barua ya ukurasa mmoja kwa mdogo wako, ukimweleza kanuni ya lugha na sababu yake, au mahojiano mafupi na mzee mmoja kuhusu Aprili 1994 upande huu wa ziwa.

Mwaka jana kijana mmoja alirekodi babu yake, mvuvi, dakika saba kwa simu, wamekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, mawimbi yanasikika. Mzee anaeleza jinsi bei ya samaki ilivyoanguka, na jinsi walivyoogopa kutupa wavu. Katikati anataja mtu aliyesafiri naye hadi Uganda na alichokiona huko. Nilimwambia kijana arudi, amchezee babu rekodi nzima kabla mtu mwingine hajaisikia. Mzee akasikiliza, akaomba jina la rafiki yake liondolewe kwa kuwa watoto wake hawajui. Tukaliondoa. Lifanye hilo kuwa sharti kwa kila rekodi: msimulizi aisikie kwanza, na akisema ondoa, mnaondoa.

Siku ya mwisho ya likizo futa kundi, waambie wafute faili na sauti kwenye simu za wazazi wao, na uhakikishe kila mmoja amekujibu kwamba amefuta.